Mgonjwa Asiyeugua

Watu walimwita Karani, ingawa ofisi ya maji ilikuwa imemstaafisha zamani na meza yake kupewa mashine isiyokunywa chai wala kuuliza hali ya mtu. Alikuwa na mke, binti mmoja mhasibu, nyumba yenye paa lisilovuja sana, na gari la dizeli. Mkewe angeyapanga kwa mfuatano mwingine, gari likiwa mbele. Alikuwa akiliita "mke mwenzangu", na utani wenyewe haukuwa mwingi.

"Mwenzangu ameamkaje leo?" humwuliza mumewe akirudi kutoka uani na grisi mikononi.

"Amelala vibaya."

"Mpe pole. Mimi nimelala vizuri, kama kuna anayetaka kujua."

Gari lile lilikuwa la kubembelezwa. Ufunguo uliuzungusha nusu, ukangoja kitaa cha njano kizimike, ukaongeza subira kidogo kama kuna baridi, ndipo ukamalizia. Likatikisika kama mwenye homa, likakohoa moshi mweusi kuelekea kamba ya nguo ya jirani, halafu likatulia na kuanza kunguruma kwa heshima zake. Muda huo wote mwenye gari alisimama langoni, na kwa kuwa amesimama langoni alisalimiwa, na kwa kuwa amesalimiwa alijua nani kafiwa, nani kahama, nani mtoto wake kapata kazi. Siku hizi watu hujua hayo kwa simu, yaani hawayajui.

Jumamosi gari lilikwenda gereji. Iwe lina kasoro au halina, lilikwenda. Gereji yenyewe ilikuwa uzio wa mabati yaliyochoka, ardhi nyeusi kwa oili ya miaka mingi, na kiti kirefu cha nyuma cha basi lililokufa, springi zake zikimkumbusha kila mtu asijinyooshe sana. Mwenyewe aliitwa Fundi Moshi, kwa kuwa alisoma magonjwa ya injini kwa rangi ya moshi: mweupe ni maji, wa bluu ni oili, mweusi ni ulafi. Sifa hiyo aliipenda mno. Ukweli ni kwamba alikuwa fundi wa wastani. Akitengeneza breki, taa za nyuma zinakufa. Akifufua taa, honi inalia yenyewe mbele ya msafara wa mazishi. Aliwahi kupaka mlango wa nyuma wa gari la Karani rangi aliyoapa kuwa ni ile ile, na gari likatembea miaka yote iliyobaki likionekana limeazima mlango. Karani hakuwahi kulalamika. Fundi anayemaliza matatizo yako yote mara moja, Jumamosi ijayo utamwendea kwa sababu gani?

Mle gerejini palikuwa na desturi moja ambayo mgeni asingeielewa. Hakuna aliyemwuliza mtu habari zake. Waliulizana habari za magari, na gari liliitwa mgonjwa. "Mgonjwa anasemaje?" Hiyo ndiyo ilikuwa salamu, na jibu lilikuwa la kusikilizwa vizuri. Mwaka ambao mkewe alilazwa, Karani aliingia pale akasema, "Halivuti. Nikifika mlimani linaniacha." Fundi Moshi akafungua boneti, akaona mgonjwa hana neno, akaifunga. Akaweka spana chini. "Liache lipumzike," alisema. "Nitakupeleka mimi." Akawa anampeleka hospitali kila jioni, kwa gari la mteja mwingine, bila mteja huyo kujua. Jirani yao Muuza Vioo, ambaye duka lake liligusana na uzio wa gereji, mwanawe aliye ng'ambo alipoacha kumpigia simu, alilalamika msimu mzima juu ya betri inayopokea chaji lakini haitoi. Wote waliielewa hiyo betri. Hakuna aliyejitia kumshauri anunue nyingine.

Ndipo binti akaja na hesabu.

Alikuja baada ya chakula cha mchana, akamsogeza mama yake pembeni kwa upole, akaweka simu mezani.

"Baba, naomba tuongee gharama za kuendesha lile gari."

"Linaenda, mwanangu. Gharama ya nini tena?"

"Linakula kuliko wewe na mama mkiwekwa pamoja."

"Mimi sili sana," mama alisema.

Binti akasoma. Dizeli, ambayo wiki ile ile ilikuwa imepanda tena. Oili. Filta. Nozeli. Mkanda. Fundi. Upande wa pili gari la umeme: chaji ya nyumbani na matairi, basi. Hakuna cha kubadilisha, hakuna cha kumwaga, hakuna cha kuvuja. Karani alichukua simu, akavaa miwani, akaipitia hesabu ile kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu, kama alivyokuwa akikagua bili za maji za wakubwa akiwatafutia kosa. Hakuona kosa. Hilo ndilo lililomuumiza. Kama lingekuwepo hata moja, angeligeuza ngome.

"Na huyu?" alisema, kidole kikiwa juu ya kioo.

"Nani, Baba?"

"Fundi."

"Huyo ndiye tunayeanza naye kumtoa. Angalia mwenyewe. Anaishinda hata dizeli."

Miaka yote ile, na kwenye hesabu ya mtoto Fundi Moshi alikuwa mstari mmoja kati ya mkanda na jumla. Karani alirudisha simu. Mtu aliyeishi kwa tarakimu huona haya kugombana na tarakimu zilizo sawa. Akasema, haya, na liwe.

Wenye duka la magari walilichukua la zamani kwa kupunguza bei ya jipya. Walipokuja kulifuata lilikataa kuwaka, labda kwa kuwa hakuna aliyelingojea kitaa kizimike, wakalipandisha juu ya lori la kubebea. Karani alikuwa amenuia kumwambia Fundi. Kabla ya siku hiyo alikwenda Jumamosi mbili akikusudia kusema, akaulizwa mgonjwa anasemaje, akajibu hajambo. Lugha ya mle gerejini ilikuwa na maneno ya kila aina ya ugonjwa. Namna ya kutangaza msiba wa mgonjwa mwenyewe, hapo maneno yalikuwa hayajatungwa. Na njia ya kutokea mtaani kwao ilikuwa moja tu, nayo ilipita mbele ya lile lango la mabati.

Gari jipya lilikuwa jeupe, halina ufunguo, na lilimkaribisha kwa maandishi. Siku za mwanzo aliingia, akabonyeza, akangoja.

"Unangoja nini, Baba?" binti alimwuliza.

"Liwake."

"Limewaka."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu ulipokaa."

Likaondoka kimya, na yeye asipate muda wa kusimama langoni. Jirani alirudisha kamba yake ya nguo mahali pake pa zamani na akawa hana tena la kumwambia, maana kwa miaka yote moshi ndio uliokuwa ukiwakutanisha. Nyumbani nako mambo yaliharibika. Zamani mkewe aliisikia dizeli tangu kona ya duka la mkate, akabandika chai, akawaaga mashoga zake waliokuwa jikoni wakiwasema waume zao. Sasa mume alitokea tu mlangoni, mashoga wakiwa katikati ya sentensi inayomhusu.

"Unaniingilia kama mdai," mke alilalamika. "Mwenzangu alikuwa na adabu. Alipiga hodi."

Hela ilibaki, hilo halina ubishi. Kila mwisho wa mwezi binti alileta habari hiyo kwa furaha, na Karani aliipokea kama mtu anayeambiwa kuwa tangu aache kula amekuwa mwepesi. Kilichobaki kingi zaidi kilikuwa Jumamosi. Aliliosha gari, nalo lilikuwa safi. Akaliosha tena. Siku moja akaona labda wenzake wapya wako kule wanakochajia, kwenye jengo kubwa la maduka, akaenda ingawa chaji ilikuwa imejaa. Akayakuta magari yamepangwa kama farasi kwenye hori, waya mdomoni, na ndani ya kila moja mtu amefunga vioo anatazama simu. Akachagua kijana mwenye sura ya upole, akagonga kioo.

"Mgonjwa wako anasemaje?" alimwuliza, akitabasamu.

Kijana alimtazama juu hadi chini, akatikisa kichwa kwa huruma, akapapasa mfukoni, hakupata chenji.

Jumamosi iliyofuata Karani aliendesha hadi gereji. Alikwishaamua kuwa kama atafukuzwa, basi afukuzwe na mtu anayemjua.

Kosa lake lilikuwa kufungua vioo na kusogea taratibu. Gari liliingia langoni bila sauti, likasimama nyuma ya kile kiti cha basi, na waliokuwa wamekaa pale walikuwa wamempa mgongo.

"Karani siku hizi anaendesha friji," Muuza Vioo alikuwa akisema.

"Friji inalia," Fundi Moshi alimsahihisha. "Yangu usiku inanguruma kama trekta. Lile halilii. Lile ni kabati."

"Kabati lenye redio."

"Mimi na kabati sina ugomvi. Mtoto kamnunulia baba yake, atunishe kifua, ni haki yake. Lakini mgonjwa wangu kapita hapo nje kabebwa juu ya lori, nami nimeshika spana nasema, ona, la mtu fulani linafanana na la Karani. Mpaka nikauona mlango."

"Ule wa rangi nyingine."

"Ilikuwa rangi ile ile nilipoipaka. Jua ndilo lililoichagulia nyingine." Akakwangua grisi kwenye kucha. "Nimemtibu miaka yote hiyo. Anazikwa, hata kuitwa siitwi. Nimesimama barabarani kama mpita njia."

Karani, hatua chache nyuma yao, aliona sasa anageuka mwizi wa maneno. Akikohoa, watajua amesikia. Akirudi nyuma, lile gari likirudi nyuma hulia pipi-pipi-pipi, binti alisema ni kwa usalama. Akabonyeza honi. Ilitoa sauti nyembamba kama kuku aliyekanyagwa, wote wawili wakaruka.

"Umefika lini?" Fundi aliuliza.

"Sasa hivi."

"Mwongo. Lile la dizeli lisingekuruhusu uongo huo. Ulikuwa ukija tunajua tangu huko kona, tunabadilisha mazungumzo kwa heshima."

Hakuna aliyemwambia karibu. Muuza Vioo, ambaye kwa kawaida alikaa ameminya magoti, alitandaza miguu yake yote miwili mpaka kiti kikajaa. Karani akasimama na mikono yake.

"Nimeleta mgonjwa," alisema.

"Anaumwa nini?"

"Sijui. Hasemi."

"Hayo hayaugui. Nimeuliza watu. Wanasema hayaugui."

"Mwangalie hivyo hivyo."

Fundi Moshi alikaa muda mrefu kuonyesha kwamba hakuwa na haraka ya kumtii mtu. Kisha akainuka, akajifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono, akafungua boneti. Alichokiona ni mfuniko wa plastiki, na chini yake nyaya nene za rangi ya chungwa zenye alama ya radi. Akaweka mikono nyuma, kama mgeni kwenye sebule yenye vyombo vingi vya kioo.

"Oili?"

"Hakuna."

"Filta?"

"Hakuna."

"Bomba la moshi liko wapi, niliangalie?"

"Halina bomba, fundi. Halina moshi."

Fundi alizunguka gari zima akiinama hapa na pale kuhakikisha kwamba hadanganywi. Aliporudi mbele alikuwa ameshuka mabega. Mtu amejenga jina lake lote juu ya moshi, anaambiwa haupo.

"Sasa unaishije?" alisema. Alikuwa ameinamia injini isiyokuwepo, na haikujulikana anamwuliza nani.

"Vibaya," Karani alijibu.

Muuza Vioo akaangalia pembeni.

"Nilikuja mara mbili nikuambie," Karani aliendelea. "Ukaniuliza anasemaje, nikasema hajambo. Sikujua niseme nini."

"Ungesema amezidiwa."

"Hakuzidiwa. Alizidiwa hesabu."

"Ungesema hivyo. Ningekuja nimwone." Fundi alisema hayo polepole, akiwa bado kaangalia chini, na hapo ndipo jicho lake lilipopata, pembeni kabisa ya ile plastiki, kifuniko kidogo cha bluu chenye picha ya kioo kinachorushiwa maji. Akakigusa kwa kidole. Umeme haukumrusha. Akakifungua, akachungulia kwa jicho moja.

"Hebu," alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Huku kumepungua."

Akaleta birika lake la maji, lile la kujazia rejeta, akamimina kwa uangalifu wa mtu anayemnywesha mtoto dawa. Akafunga, akafungua tena kuhakikisha, akafunga. Kisha akataja bei. Ilikuwa bei ya sevisi nzima ya gari la dizeli, oili na filta zikiwemo. Karani alilipa pale pale, na Muuza Vioo akaikusanya miguu yake.

Kuanzia hapo gari la umeme likawa na ugonjwa. Lilikuwa likipungukiwa na maji ya kioo. Ili lipungukiwe kila wiki ilibidi mwenyewe alisaidie, na Karani alifanya hivyo kwa bidii ambayo ofisi ya maji haikuwahi kuipata kwake. Alirusha maji kila kona. Alirusha kwenye jua kali, kioo kikiwa kinang'aa. Waendao kwa miguu walitazama mbinguni. Mwalimu mmoja wa kike alilowa shavu moja akiwa anangoja kuvuka, akamwambia maneno ambayo wanafunzi wake hawakutegemea kwamba anayajua. Jumamosi mgonjwa alifika amekauka, akahudumiwa, na katika kuhudumiwa ikajulikana kwamba Muuza Vioo naye anafikiria kufunga duka, ingawa alichosema yeye ni kwamba klachi yake imeanza kuteleza.

Binti hakuchelewa kuuona mstari ule.

"Baba, kuna gharama hapa siielewi. Sevisi. Gari hili halina sevisi."

"Ni maji."

"Maji gani?"

"Ya kioo."

Alimtazama baba yake kwa macho ya upendo na wasiwasi, yale ambayo watoto wa siku hizi huwatazamia wazazi kabla ya kuwapeleka kwa daktari. "Unalipa bei ya sevisi kwa maji, Baba? Yule mtu anakuibia."

"Amekuwa akiniibia siku zote. Tumezoeana."

"Mwache baba yako," mama alisema kutoka jikoni.

"Mama, hizi ni hela. Kila tulichookoa kwenye dizeli anakinywa yule."

Alikuwa na moyo mzuri, hilo lazima lisemwe. Hakumgombeza mzee. Jumamosi asubuhi, baba akiwa bado ananyoa ndevu, alitoka na dumu la maji maalumu alilolinunua kwa hela yake, ya kijani na yenye harufu ya ndimu, akakijaza kile kitundu mpaka juu, akafuta kilichomwagika.

"Tayari," alimwambia. "Na dumu lingine liko stoo. Sasa huna haja ya kwenda kule kabisa."

Karani alimshukuru. Alikunywa chai yake, akala mkate, akatazama nje. Akainuka, akavaa kofia.

"Unakwenda wapi?" binti aliuliza.

"Kutembeza gari."

"Nisalimie fundi," mama alisema.

Njia nzima alishikilia kile kitufe. Kioo kilioga, kikaoga tena, harufu ya ndimu ikajaa barabara, vifagio vya kioo vikilia kwa uchovu. Lakini njia ilikuwa fupi na kidumu cha gari kilikuwa kirefu. Alipoingia langoni alijua kwamba bado kimejaa, na aliona aibu kama mtu aliyekuja kwa daktari akiwa ameshapona. Mtu hawezi kuja kila wiki kukaa kwenye kiti cha gereji bila mgonjwa. Angekaa kama nani?

Fundi Moshi alikuwa ameshakuja na birika. Akafungua kifuniko cha bluu, akainama, akasimama. Akainama tena.

"Nani kamgusa mgonjwa wangu?"

"Binti yangu," Karani alisema. "Kamjaza leo asubuhi."

"Mhasibu?"

"Huyo huyo."

Muuza Vioo alisogea kutazama. Maji ya kijani yalikuwa yametulia chini kidogo ya mdomo, safi, ya dukani, hayana kasoro yoyote. Fundi aliweka birika chini. Karani alishika mlango wa gari lake, tayari kuingia, akitafuta maneno ya kuaga ambayo hayatakuwa mazito kuliko ilivyo lazima.

"Mbona ya kijani?" Fundi aliuliza.

"Ndivyo yanavyouzwa."

"Maji hayawi ya kijani. Maji yakiwa ya kijani yameoza, hilo hata kisimani wanalijua. Yakikaa humo yataziba vitundu vyote." Akaingia kibandani, akatoka na kipande cha mpira wa kupitishia dizeli, kilichokuwa kimening'inia pale bila kazi siku nyingi. Akakitumbukiza kile kitunduni, akaweka ncha nyingine mdomoni, akavuta kama alivyokuwa akivuta mafuta kwenye matangi ya watu zamani, mashavu yakizama. Ndimu ilipomfikia alikunja uso wote, akatema, akaelekeza mpira chini. Ule ukijani ukamwagika juu ya ardhi nyeusi, ukafanya povu, ukapotea.

"Afadhali dizeli," alisema, akitema tena. "Dizeli ilikuwa na ladha."

Akachukua birika akajaza upya, maji ya bomba, ya bure. Akafunga. Akajifuta mdomo kwa mkono, akataja bei, nayo ilikuwa imepanda.

"Kwa nini imepanda?" Karani aliuliza.

"Wiki zilizopita nilikuwa najaza. Leo nimetoa, nimejaza. Hiyo ni oveholi."

"Oveholi ya maji?"

"Na sumu nimekunywa. Hiyo hata sijaihesabu."

"Umekunywa ndimu."

"Unaniona mtu wa kunywa ndimu mimi?"

Karani aliufunga mlango wa gari, akaja akakaa, akavua kofia na kuiweka gotini, kama mtu ajuaye kwamba jambo hili si la kumalizwa kwa kusimama. Alitaja bei yake. Fundi alicheka kwa dharau. Muuza Vioo akajitolea kuwa msuluhishi, akapewa pole na pande zote mbili. Karani aliongeza kidogo, Fundi akapunguza kidogo zaidi ya hapo, kisha akajuta akarudisha, na kwa kuwa hakuna kati yao aliyekuwa na pa kwenda, jua liliwapita likaenda upande wa pili wa uzio nao walikuwa bado hawajaafikiana.